Nazik al-Malaika: Maswali na Majibu kwa Mtahiniwa wa Fasihi Linganishi

Maswali haya ni ya kudurusia, si ya kukariri. Nimejibu kwa urefu pale ambapo watahiniwa huangukia kila mwaka, na kwa mkato pale ambapo tarehe na jina vinatosha. Alama zilizo kwenye mabano zikuonyeshe swali lipi linastahili dakika zako.

Swali la 1. Nazik al-Malaika ni nani? (alama 4)

Ni mshairi na mhakiki wa Iraki aliyeandika kwa Kiarabu, mmoja wa waasisi wa mashairi huru katika lugha hiyo. Alizaliwa Baghdad tarehe 23 Agosti 1923, akafariki Cairo tarehe 20 Juni 2007. Diwani zake zinazotajwa zaidi ni *Ashiqat al-Layl* (1947), *Shazaya wa Ramad* (1949), *Qararat al-Mawja* (1957) na *Shajarat al-Qamar* (1968). Kitabu chake cha uhakiki, *Qadaya al-Shi'r al-Mu'asir*, kilitoka mwaka 1962.

Alama nne zinaishia hapo. Usianze kusimulia utoto wake kabla hujaulizwa.

Swali la 2. Malezi yake yalichangia vipi kumfanya mshairi? (alama 6)

Nyumba yao ilikuwa ya wasomi. Baba, Sadiq al-Malaika, alikuwa mwalimu wa Kiarabu na mpenzi wa sarufi. Mama alitunga mashairi ya kizalendo na kujulikana kwa jina la Umm Nizar. Mtoto huyu aliitwa Nazik kwa heshima ya Nazik al-Abid, mwanamke wa Syria aliyejulikana kwa kuwapinga Wafaransa. Jina la ukoo, ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa, lilitokana na sifa ya utulivu wa jamaa hao mbele ya majirani.

Alianza kutunga angali mdogo, tena kwa Kiarabu fasaha. Mwaka 1944 alihitimu Chuo cha Juu cha Ualimu cha Baghdad katika somo la Kiarabu, na mwaka 1949 akamaliza masomo ya kupiga udi katika Taasisi ya Sanaa. Mtahiniwa asiuruke udi. Huyu ni mtu aliyezoea kusikiliza mapigo na vituo kabla ya kubishana na wazee kuhusu urefu wa mshororo.

Baadaye alisomea Marekani: kwanza Princeton, ambacho enzi hizo kilikuwa bado chuo cha wanaume, halafu Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikopata shahada ya uzamili katika fasihi linganishi. Yaani alisomea somo hilihili unalofanyia mtihani.

Swali la 3. Eleza tukio lililozaa shairi la “al-Kulira”. (alama 8)

Septemba 1947 kipindupindu kilizuka katika jimbo la Sharqiya, kaskazini mwa Misri, na kabla hakijadhibitiwa kiliua watu wapatao 20,000. Nazik alikuwa Baghdad akifuatilia habari kwenye redio, na kila siku idadi ya waliokufa ikizidi. Akatunga shairi kwa mtindo wa kale. Hakuridhika nalo, maneno yalikaa sawa lakini alichokisikia moyoni hakikuwamo. Tarehe 27 Oktoba 1947 akaandika jingine, la mishororo isiyolingana, na neno la kifo likirudi na kurudi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alitaka zisikike kwato za farasi waliokokota mikokoteni ya maiti. Shairi lilichapishwa Beirut katika jarida la *al-Uruba*, Desemba mwaka huohuo.

Jibu zuri haliishii kwenye ugonjwa. Linaonyesha jinsi tukio lilivyolazimisha umbo: mkokoteni hauendi kwa mwendo wa beti zilizopimwa sawasawa. Vilevile angalia kwamba msiba haukuwa wa kwao. Mashairi mengi ya Kiarabu ya wakati ule yaliyohusu nchi jirani yalikuwa ya siasa na ushujaa. Hili ni la maskini wa vijijini wanaokufa kwa maji machafu.

Na jambo dogo: Nazik alifia Cairo miaka sitini baadaye. Wapo wanaoandika kwamba “alibashiri”. Acheni. Hakuna alama kwa utabiri.

Swali la 4. “Nazik al-Malaika alivunja kanuni za ushairi wa Kiarabu.” Jadili. (alama 15)

Hapa ndipo wengi hupoteza alama, kwa sababu hulikubali dai kabla ya kulipima.

Anza na kilichokuwapo. Arudhi ya Kiarabu iliratibiwa karne ya 8 na al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mwanachuoni anayesemekana alizaliwa Oman na aliyefanya kazi yake Basra. Beti ya Kiarabu ni mstari mmoja wenye vipande viwili vinavyolingana, na kina kimoja hutawala mwisho wa beti zote, hata kama ni mia. Usiichanganye na ubeti wetu wa mishororo minne. Wala usidhani mizani yao ni yetu: sisi tunahesabu silabi, wao wanapanga silabi ndefu na fupi katika vikundi vidogo vinavyoitwa tafila, na mpangilio wa tafila ndio unaoleta bahari.

Sasa tazama alichofanya. Tafila aliibakiza. Bahari aliibakiza. Alichoondoa ni sharti la kila mstari kuwa na idadi ileile ya tafila, pamoja na utawala wa kina kimoja. Mshororo mmoja ukaweza kubeba tafila nne, unaofuata mbili, wa tatu moja, kadiri wazo linavyodai. Katika utangulizi wa *Shazaya wa Ramad* alitoa hoja yake kwa mfano: akachukua wazo moja na kuonyesha kwamba mtindo wa kale ungemlazimisha mtunzi kuongeza maneno yasiyohitajika ili kipande kijae. Alichokipinga ni maneno ya kujazia, si kipimo.

Mwaka 1962 akaenda mbali zaidi. *Qadaya al-Shi'r al-Mu'asir* ni kitabu cha mtunga sheria. Kinasema mashairi huru yajengwe hasa kwa bahari zinazorudia tafila moja, kama kamil, ramal na rajaz. Kinakosoa wenzake kwa makosa ya mapigo. Kinakataa katakata kuliita shairi andiko lisilo na kipimo. Lawama hiyo ya mwisho iliwalenga watu wa jarida la *Shi'r*, lililoanzishwa Beirut mwaka 1957 na Yusuf al-Khal, ambao walikuwa wakitetea shairi la nathari. Vijana waliomfuata kwa sababu ya uhuru wakajikuta darasani wakisahihishwa.

Kwa hiyo: alivunja sharti moja au mawili, akatunga mengine. Kwa maoni yangu ndiyo maana alifaulu. Wapo waliojaribu kabla yake bila kutoa maelezo. Yeye aliandika shairi, kisha akaandika sababu, kisha akaandika kanuni, na mpinzani akalazimika kumjibu kwa hoja.

Swali la 5. Nani alitangulia, Nazik au Badr Shakir al-Sayyab? (alama 5)

Al-Sayyab, mwenzake kutoka kijiji cha Jaykur karibu na Basra, alichapisha diwani yake *Azhar Dhabila* Desemba 1947, mwezi uleule lilipotoka “al-Kulira”. Ndani yake lipo shairi moja la mtindo huo ambalo alisema alilitunga mwaka 1946. Ubishi ukaanza na haujafa. Baadaye Nazik mwenyewe alikiri, katika toleo la baadaye la kitabu chake cha uhakiki, kwamba yalikuwapo majaribio ya miaka ya 1930. Anayetajwa sana ni Ali Ahmad Bakathir, mtunzi wa asili ya Hadhramaut aliyeishi Misri, na al-Sayyab naye alimtambua.

Mtahini anataka uone kwamba swali la “nani wa kwanza” halina uzito mkubwa. Andika tarehe, toa hukumu fupi, endelea.

Swali la 6. Jadili nafasi ya mwanamke katika maandishi yake. (alama 10)

Toa ushahidi wa aina mbili, kwa maana wengi hutaja mashairi tu na kusahau mihadhara.

Mwaka 1949 alitunga “Ghaslan lil-Ar”, kuhusu msichana anayeuawa na jamaa yake kwa kile kinachoitwa kuosha aibu ya ukoo. Ukali wa shairi umo katika mpangilio wake. Muuaji anatoka kwenye damu na kwenda kunywa kwa majivuno. Wanawake wa mtaa wanabaki na hofu na kazi zao za kila siku, wakijua kisu hakijawekwa mbali. Mshairi hahubiri. Anapanga picha mbili na kuondoka. Kuandika hivyo Baghdad mwaka 1949, mwanamke wa miaka 26 ambaye hajaolewa, kwa jina lake kamili, kulitaka moyo.

Mwaka 1953 alitoa mhadhara mbele ya chama cha wanawake Baghdad, akidai kwamba jamii inamsifu mwanamke kwa maadili ambayo hakupewa nafasi ya kuyachagua. Hoja ni kali: asiye na hiari hana maadili, ana utii tu. Ukiweza kuieleza hoja hii kwa maneno yako, umekwisha kupata nusu ya alama.

Ongeza mbolezi. Tangu al-Khansa wa karne ya 7, aliyewalilia ndugu zake, mila ya Kiarabu ilimruhusu mwanamke kuwa malenga wa msiba, na aghalabu ikamfungia humo. Mama yake Nazik alipougua, Nazik ndiye aliyempeleka London kwa upasuaji mwaka 1953, na mama akafia huko. Alimtungia mbolezi tatu. Lakini hazitaji fadhila za marehemu kwa mtiririko uliozoeleka. Katika mojawapo huzuni yenyewe imefanywa kijana mpole anayekuja nyumbani na kupishwa njia. Ameingia kwenye uwanja walioachiwa wanawake na kubadilisha mazungumzo.

Swali la 7. Kwa nini aliondoka Iraki, na je, anastahili kuitwa mshairi wa uhamishoni? (alama 15)

Lipange jibu lako kwa vipindi. Kuondoka kwake hakukuwa kumoja.

Tarehe 14 Julai 1958 ufalme uliangushwa Baghdad. Nazik, mzalendo wa umoja wa Waarabu, aliyapokea mapinduzi kwa furaha na kuyatungia shairi. Furaha haikudumu. Utawala wa Abd al-Karim Qasim uligawanya watu, na mapambano kati ya wakomunisti na wazalendo wa Kiarabu yakamwaga damu. Mwaka 1959 alikwenda Beirut, akaandika huko, akarudi mwaka uliofuata. Mwaka 1961 aliolewa na Abd al-Hadi Mahbuba, msomi mwenzake wa Kiarabu, na mwaka 1964 wote wawili walishiriki kuanzisha Chuo Kikuu cha Basra.

Julai 1968 chama cha Baath kilitwaa madaraka. Mwaka 1970 Nazik, mumewe na mtoto wao wa kiume walihamia Kuwait, naye akafundisha Chuo Kikuu cha Kuwait kwa miaka mingi, mpaka afya ilipomlazimisha kuacha kazi miaka ya 1980. Agosti 1990 Iraki ikaivamia Kuwait: nchi aliyozaliwa ikaishambulia nchi iliyompokea. Baada ya hapo makazi yake yakawa Cairo, na huko akabaki hadi kufa.

Sasa hukumu. Nimesoma majibu yanayomfunga jela, yanayomnyang'anya uraia, yanayomfukuza usiku. Hayo ni ya watu wengine. Mwanafunzi wa Kiswahili anamjua Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya mwaka 1969 kwa kijikaratasi cha siasa, akatoka mwaka 1972 na kuishi Dar es Salaam, London na Leipzig. Huo ni uhamisho wenye hati ya mashtaka. Wa Nazik hauna hati. Hakuna shairi moja unaloweza kulinyooshea kidole na kusema hili ndilo lililomtoa.

Je, basi ulikuwa wa hiari? Neno hilo nalo litumie kwa tahadhari. Msomi ambaye chuo chake kimewekwa chini ya chama, ambaye mashairi yake yanatazamwa kwa jicho la nani anamuunga mkono, anapofungasha vitabu na kwenda kufundisha nchi jirani, hajachagua kama anayechagua mahali pa kupumzika. Na wakati ule Kuwait ilikuwa na kazi, magazeti na wasomi wengi kutoka nchi za Kiarabu, wakiwemo Wapalestina waliopoteza kwao. Alihama kwa barua ya ajira na mizigo iliyofungwa vizuri. Bado alikuwa amehama.

Msimamo ninaoupendekeza, nawe unaweza kuupinga kwa ushahidi: ni mshairi wa uhamishoni kwa maisha, si kwa dhamira kuu ya mashairi yake. Swali linalofuata linaeleza.

Swali la 8. Uhamisho uliathiri vipi kazi zake? (alama 8)

Wanafunzi hutarajia mashairi ya kuililia Baghdad. Diwani mbili alizozitoa akiwa Kuwait, *Yughayyir Alwanahu al-Bahr* (1977) na *Lil-Salat wa al-Thawra* (1978), zinaelekea kwingine: kwenye ibada, kwenye upendo wa Mungu, na kwenye Palestina na Jerusalem. Usiku na mauti vilivyojaa katika mashairi ya ujana vinapungua nguvu. Mtu aliyewahi kuogopa kifo kuliko chochote anapata lugha ya kusali.

Baada ya 1978 diwani mpya zikakoma. Usitoe sababu moja. Ugonjwa ulichangia, na vita mbili mfululizo, ile ya Iraki na Irani halafu ile ya Ghuba, hazikumwachia mtu wa Baghdad akili ya kutunga. Mwaka 1996 alipewa Tuzo ya al-Babtain, ambayo ni ya Wakuwait, miaka michache tu baada ya uvamizi. Mtahiniwa makini atauona uzito wa hilo bila kuambiwa. Mwaka 1997 hadithi zake fupi zilitolewa Cairo. Mwaka 1999 nyumba ya opera ya Cairo ilifanya hafla ya kumuenzi, yeye akiwa mgonjwa hata asiweze kufika.

Swali la 9. Linganisha mashairi huru ya Nazik na mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970. (alama 12)

Kufanana ni rahisi kuonyesha. Pande zote mbili palikuwa na urithi wa kanuni zenye heshima. Kwetu Kaluta Amri Abedi alizichapisha mwaka 1954 katika *Sheria za Kutunga Mashairi*. Pande zote mbili walitokea vijana waliosoma vyuo vikuu na fasihi za kigeni. Pande zote mbili wazee walisema wageni wanaharibu lugha, na vijana wakasema vina vinaziba fikra.

Tofauti ndiyo yenye alama. Euphrase Kezilahabi, katika *Kichomi* (1974), aliacha vina na urari wa mizani kabisa katika mashairi mengi, akategemea picha, pumzi na lugha ya mazungumzo. Nazik asingekubali. Kwa kipimo chake, sehemu kubwa ya *Kichomi* ingekaa upande wa shairi la nathari, pamoja na wale wa Beirut. Kinyume chake, mwanamapokeo wa Mombasa au Tanga akisikia kwamba huyu mwanamke alidai kipimo kisichoyumba ndani ya kila mshororo, huenda angemkaribisha barazani.

Usidai kwamba kundi moja lilimfuata lingine. Kufanana kwa hali hakuthibitishi kuathiriana, na kosa hili ndilo linalowashusha watahiniwa wa fasihi linganishi kutoka daraja la kwanza.

Swali la 10. Kwa nini baadhi ya wahakiki walisema Nazik alirudi nyuma? (alama 6)

Katika utangulizi wa *Shajarat al-Qamar* mwaka 1968 alitabiri kwamba wimbi la mashairi huru lingetulia na washairi wangeurudia mtindo wa vipande viwili. Waliompenda kwa sababu ya 1947 waliona amewageuka. Utabiri wenyewe haukutimia. Kama ni kumkosoa, mkosoe hapo. Lakini ukisoma tena jibu la swali la 4 utaona hakuwa amesafiri mbali. Hakuwahi kusema mtindo wa kale ni mbovu, alisema usiwe wa lazima, na yeye mwenyewe aliendelea kuutumia alipoona unafaa.

Maswali ya haraka (alama 1 kila moja)

Alitafsiri mbolezi gani mashuhuri ya Kiingereza akiwa kijana? Ile ya Thomas Gray, ya makaburini.

Mumewe alikuwa nani? Abd al-Hadi Mahbuba.

Amezikwa wapi? Cairo.

Taja washairi wengine wawili wanawake wa Iraki walioishi ughaibuni. Lami'a Abbas Amara, aliyefia Marekani mwaka 2021, na Dunya Mikhail, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1965 na kuhamia Marekani miaka ya 1990.

Taja mmoja wa Syria. Maram al-Masri, mzaliwa wa Latakia, anayeishi Ufaransa.